Daftari la Sufuria

Lima haijui mvua, inajua manyunyu tu.
Saa kumi na moja alfajiri ukungu umelala kilimani
kama mpangaji asiyelipa kodi,
na Eudosia ameshawasha moto
kwa mbao za kreti na mlango wa kabati la nani sijui.

Mimi kazi yangu ni daftari.
Kaya thelathini na tisa, sahani mia na nne,
soli moja kwa sahani,
na safu ya pembeni, ya penseli, kwa wasio nayo.
Penseli hufutika. Ndiyo maana niliichagua.

Jana sokoni walitupa karoti zilizovunjika
na viazi vilivyoanza kuchipua.
Nieves hutoboa macho ya viazi kwa ncha ya kisu, haachi hata moja:
visitutazame, anasema, tukivila.
Miguu ya kuku, kilo sita.
Lori la maji halijapanda tangu Jumatatu;
maji yaliyoosha mchele yameosha karoti,
kisha yakashuka polepole kwenye matairi
tulikopanda vitunguu vya majani.

Afisa wa manispaa alikuja na viatu visivyojua mteremko.
Walengwa wenu ni wangapi? akauliza.
Nikacheka. Anayelengwa si hulengwa kwa mshale?
Eudosia hakugeuka, upawa mkononi:
"Ngoja saa saba, uhesabu midomo."
Hakungoja.

Hermelinda huchukua sahani mbili.
Mwanawe amekwenda Chile kuchuma zabibu tangu Machi,
kila mtu anajua,
nami nimeendelea kuandika mbili, kwa penseli,
huku roho ikinidunda kila nikijumlisha.

Leo nimemfuata, ngazi mia mbili na kumi.
Si kwa upelelezi.
Nadanganya, ni kwa upelelezi.
Akasimama kwenye mlango wa bati wa Saturnino,
ambaye hajamsalimu tangu kesi ya ukuta,
mwaka wa sita huu.
Akaweka sahani chini, imefunikwa kwa gazeti,
akagonga mara moja, akaondoka
kabla kitasa hakijalia.
Mlango ukafunguka, ukatoka mkono tu.

Nimeshuka. Sikufuta kitu.
Ile mbili nimeikoleza kwa kalamu ya wino.

Eudosia anakwangua ukoko, anauliza kesho tuna nini.
Nusu gunia la mchele, namwambia.
Na vitunguu vya matairi, urefu wa vidole viwili.
"Basi tuna,"
anasema, na kuilaza sufuria kifudifudi
ikauke, kama ukungu utakubali.