Pete ya Masizi

Fidencio amekuja na tromboni ndani ya gunia la kahawa,
pembe imechomoza nje kama bata asiyetaka kwenda sokoni.
Ameinunua Oaxaca, mnada wa Jumapili,
kwa fedha ya mavuno mawili na mbuzi wa dada yake.
"Inacheza," ananiambia.
Najua. Nashika mkono wake mrefu kwa kushoto,
pembe kwa kulia, natikisa: tik, tik.
Inacheza kweli,
kama jino lililolegea ambalo ulimi hauliachi.

Mimi si fundi wa muziki. Miaka ishirini na mmoja
nilitengeneza breki za mabasi yapandayo milima ya Mixe,
na breki ni habari ya nafasi tu:
unywele ukizidi, abiria wanaanza kusali.

Nafungua nati. Kiungio kimevikwa
nguo juu ya nguo:
utepe mweupe wa mafundi bomba,
chini yake karatasi ya sigara,
chini yake ganda la chokoleti linalong'aa,
na chini kabisa rangi ya kucha, nyekundu ya sikukuu.
Watu wanne kabla yetu, kila mmoja na dawa yake.
Kila mmoja, nadhani, alipuliza mara moja,
akatabasamu, akaiuza.

Navua vyote. Nasugua kwa spiriti.
Mama mkwe, Doña Eufrosina, anapita na ndoo ya mahindi,
anasema funga uzi wenye nta,
marehemu kaka yake alifanya hivyo mwaka wa maporomoko.
Fidencio anasema labda tutie risasi.
Mimi nawasha mshumaa.

Naizungusha koni juu ya moshi mpaka iwe nyeusi,
naipenyeza kwenye tundu bila nati,
nageuza robo, naitoa.
Masizi yamefutika kuzunguka kote, sawasawa,
pete nzima,
kama alama ya kikombe mezani.
Basi koni haina kosa. Yeye na tundu lake
walioana kiwandani na hawajaachana.

Hapo nakaa kitako.
Breki zilinifundisha kutomwamini anayelia kwanza.
Narudisha nati, nakaza; inagota mwisho wa hesi,
na bado: tik.
Kumbe nati ndiyo mgeni. Ya chombo kingine,
ukingo wake mrefu mno,
inafika ukutani kabla koni haijafika kitandani,
inasema tayari,
na nyumba nzima inaiamini.

Wanne waliongeza.

Naweka msasa juu ya kioo cha dirisha la basi,
tone la mafuta, nati kifudifudi,
nasaga kwa umbo la nane, nane, nane,
nikihesabu kwa Kimixe, maana kwa Kihispania huwa naharakisha.
Arobaini. Napima. Bado.
Kumi na tano.
Fidencio amebana pumzi.
Sita tena. Tano zingetosha; ya sita ni ya woga.

Nakaza. Natikisa.
Hakuna.
Natikisa tena, kwa kutoamini.

Anapuliza noti moja, ya chini, ndefu.
Mbwa wa jirani anainuka, anahama kivuli.
Noti haijanyooka, midomo yake ni ya miaka kumi na minne,
lakini ilipotoka mkononi kuingia kwenye pembe
haikujikwaa,
na mimi niliyeweka kidole kwenye kiungio
niliihisi ikipita chini ya ngozi
kama maji kwenye bomba la jirani usiku.

Anauliza deni. Namwambia kilo mbili za kahawa,
baada ya sikukuu ya Santa Cecilia,
na mbuzi wa dada yake alipwe kwanza.
Anacheka. Hajui kama natania.
Hata mimi sijui.

Ameondoka na gunia lake begani.
Rangi ya kucha haikutoka yote,
imebaki ndani kabisa ya hesi, uzi mmoja mwekundu.
Niliiona, nikaiacha.
Haishiki kitu. Haizuii kitu.