Matuta Mawili

Lugha yetu ina neno moja tu, tuta,
na wazazi wangu waligawana.
Mama alikuwa na matuta ya viazi, mia na kitu,
mgongoni mwa kilima juu ya Inyala.
Baba alikuwa na tuta moja,
la reli, na halikuwa lake.

Alifanya kazi kwenye behewa la kujimwaga.
Nieleze, maana ninyi hamkuliona:
sanduku la chuma juu ya mhimili,
limeegemea upande mmoja kidogo tu,
lenyewe linatamani kuanguka
na komeo linalikatalia.
Baba ndiye aliyeshika komeo.
Akivuta, ubavu unafunguka, sanduku linainama,
tani ishirini zinashuka kwa mkupuo mmoja,
kishindo, vumbi,
kisha sanduku linarudi lenyewe, jepesi,
kama mtu aliyekwisha kusema.
"Hakuna koleo," alituambia tukila. "Hata moja."
Mama, mwenye malengelenge, alimtazama tu.

Msimamizi jina lake Lin. Sisi tulimwita Bwana Lini,
kwa sababu kila asubuhi alilinyoshea kidole bonde
na ndilo swali alilokuwa nalo.
Bonde likameza. Mabehewa kumi, ishirini, arobaini kwa siku.
Udongo ulitoka kilima cha akina Mwashilindi,
chenye pareto;
nikaona pareto zikisafiri kwa reli,
mizizi juu, maua chini,
kabla hajasafiri kwa reli mtu yeyote wa kwetu.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, husema watu.
Sisi tulimpa Kumi na Saba.
Hiyo ndiyo namba iliyopakwa ubavuni, kwa rangi nyeupe,
na baba aliitaja kama anavyotajwa shemeji.

Machi ile ilinyesha siku nne.
Udongo ulikuja mwekundu, wa mfinyanzi,
unanata kama ugali uliotolewa mbichi.
Baba akavuta. Komeo likalia.
Ubavu ukafunguka, sanduku likainama,
udongo haukutoka.
Ukashikilia.
Sanduku likazidi kuinama, taratibu, kwa adabu,
kama mtu anayemwamkia mkwewe,
hata magurudumu ya upande wa mlima
yakaachana na reli.

Hakufa mtu.
Baba aliruka, akapoteza kiatu.
Kumi na Saba lilikwenda na mzigo wake mpaka chini
na hata huko halikuutua.

Bwana Lini alisimama ukingoni, kofia mkononi, mvua kichwani.
Siku hiyo hakuuliza lini.
Winchi ilikuwa Makambako, barabara ilikuwa tope.
Alisema neno moja la Kiswahili, "Jaza,"
akageuka upande mwingine.
Wakajaza. Kumi na Nane na Kumi na Tisa
wakammwagia mwenzao udongo siku mbili.
Na aliyevuta komeo
ni baba, kwa kiatu kimoja cha kuazima.

Sasa treni hupita pale usiku, ndefu, na shaba ya watu.
Vikombe vyetu hugongana kabatini.
Abiria hawajui wanapita juu ya nini,
na kwa nini wajue.

Baba alipostaafu alihamia kwenye matuta ya mama.
Hakuwa mkulima mzuri. Alipiga jembe mara moja,
akaligeuza, akalikwangua kwa kijiti
hadi chuma king'ae,
ndipo akapiga tena.
Tuta moja lilimchukua asubuhi nzima.
"Ambakisye," mama alimwambia, "hilo ni jembe."
Alijibu, "Najua,"
akaendelea kukwangua.

Lakini jioni, mama akirudi na kikapu kichwani,
akifika uani na kusema, "Nitue,"
baba alitoka mbio, tonge mdomoni,
mikono yote miwili juu,
kabla sisi watoto hatujasikia vizuri.