Chini ya Mjusi

Duka la Bi Mwantumu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
lina tangazo moja tu. Kaliandika baba
kwa rangi iliyobaki ya mlango:
KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA.
Herufi ya mwisho ilikosa nafasi,
ikapinda, ikapanda kama mjusi kuelekea paa.

Chini ya mjusi huyo mama alikopa
viza, sweta, nusu ya tiketi.

Sikuwahi kuvuka hata Horohoro.
Ndegeni nilifunga mkanda, nikaogopa kuufungua
mpaka Ankara.
Chai niliikataa, nikidhani inauzwa.

Darasani mwalimu akauliza:
tangazo gani liliwahi kukubadilisha?
Wenzangu wakataja viatu, simu, soda.
Mimi nikachora ukuta, na mjusi wake.
Nikatafsiri, jasho likinitoka.

"Na watu wakaacha kukopa?"
"Hapana."
"Basi limeshindwa."

Nikalitazama sweta langu.

Usiku nikampigia mama, nikaulizia deni.
"Bi Mwantumu? Hajatamka neno," akasema.
"Ila nikipita tu, anachukua tambara,
anayapangusa yale maandishi."