Timazi

Simu yako, Bwana Okutoyi, imesahau chini ni wapi.
Ndivyo nilivyomwambia, akacheka,
saruji imemkaukia kwenye nyusi.
Aliiweka juu ya meza yangu
hapa Luanda, nyuma ya duka la mbegu,
akasema: ukiisimamisha, inalala.
Ukiilaza, inasimama.
Kama ng'ombe wa mahari
anayejua kabisa kwamba hapa si kwao.

Tukaanza na yale mepesi.
Nikavuta pazia la juu kwa kidole,
nikatafuta kale kamshale kanakojizungusha:
kufuli iko wazi. Nikaifunga. Nikaifungua.
Nikaizima, tukahesabu hadi thelathini
kwa sababu yeye haamini kumi.
Ikaamka imelalia ubavu uleule.
Nikaivua ganda lake, lile lenye sumaku.
Nikaizungusha hewani kwa umbo la nane
mara tatu, kama mtu anayefukiza nyumba,
na wateja wawili mlangoni wakajifanya hawaoni.
Nikailaza bapa mezani, nikabonyeza *sawazisha*,
nikangoja.

Wapi.

Imeanguka?
Hapana.
Bwana Okutoyi.
Kidogo tu. Kutoka kwenye jukwaa la mbao.
Halafu akaongeza: ilitua kwenye mchanga.
Halafu, akitazama nje:
mchanga ulikuwa umeisha.

Ndani ya simu, nikamweleza, mna punje
isiyofika ya wimbi, na ndani ya punje
kuna kitu kinachoning'inia, dunia inakivuta,
na kwa mvuto huo kioo kinajua kisimame vipi.
Chako kimekwama.
Kwa simu hii, dunia iko mkono wa kulia.

Safari hii hakucheka.
Akanifungulia picha: ramani ya nyumba,
imetumwa kutoka Doha na binti yake Ayuma.
Kila alipoinama kuitazama iligeuka,
akageuza simu, ikageuka, akageuza shingo,
na Alhamisi jioni, mwanga ukimkimbia,
akaacha tundu la dirisha la jikoni
pale palipochorwa ukuta.
Sasa mwenye nyumba ataosha vyombo vyake
macho kwa macho na fahali wa jirani.

Utamwambiaje mtu aliye Doha
kwamba ramani ilikuwa sahihi,
mkono ulikuwa sahihi,
ila chini ilihama?

Ndipo akatia mkono mfukoni mwa kabuti
akatoa timazi: kamba, na pia ya shaba
iliyong'aa kwa kushikwashikwa.
Akaifunga ukingoni mwa meza, akaiachia.
Ikayumba. Ikapunguza. Ikatulia.
Hii, akasema, imeanguka mara mia.

Pale Maseno watu hushuka garini wapigwe picha,
mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini.
Sijaona aliyeshuka kupigwa picha na chini.
Na yale majabali ya Bunyore, yaliyobebana bila saruji,
yanaijua, hayajawahi kuuliza.

Punje hiyo sina, nikakiri, na nikiiagiza
itakugharimu nusu ya simu.
Nikaifunga wima. Haitageuka tena,
hata uipige sarakasi.
Na mpira je? Nitautazamaje kwa upana?
Lala wewe, nikamwambia.
Mia na hamsini. Akanipa mia
na ahadi ya kunijengea rafu,
akaondoka kwenda kuziba dirisha.

Timazi akaisahau.

Nilikuwa nikifagia nilipoiona,
imesimama kimya kando ya mguu wa meza,
na mguu wa meza haukusimama nayo.
Ulikuwa ukiikimbia, juu wamegusana,
chini vidole viwili wazi.
Nikainama. Nikatazama tena kwa jicho moja.
Miaka sita.
Simu ngapi nimezilaza hapa bapa,
nikabonyeza, nikazifundisha chini yangu mimi,
nikazirudisha kwa watu Esibuye, Ebusakami, Yala,
kila moja ikiwa imeinama vidole viwili
na mwenyewe akidhani ni shingo yake?

Aliporudi kesho yake kuichukua
alinikuta nimepiga magoti
nakunja kadibodi.
Hakuuliza. Alinishikia meza.