Mshono wa Ubavuni

Boksi lilitoka Kongowea, chini ya rundo la viatu,
kona imebonyea, maelezo yote kwa Kijapani.
Twalib alilipa shilingi mia na hamsini
akalitua juu ya cherehani, juu ya kanzu ya watu:
"Mjomba, wewe si fundi wa kuunganisha?"

Nimeshona hapa Magongo miaka ishirini na sita.
Sijapata kushona ndege.

Tulianza bila gundi.
Nusu ya kushoto, nusu ya kulia, kama maganda ya chaza.
Zikutanishe zikiwa kavu, nikamwambia,
kisha utazame mwanga.
Panapopenya mwanga, hapajakubali.
Pua ilikubali. Tumbo likakubali.
Mgongoni pakabaki ufa wa unene wa ukucha
kwa ajili ya kikonyo kimoja tulichokikata kwa pupa.
Msasa. Puliza vumbi. Msasa tena.

Na gundi ile si ya kubandika.
Uzi wangu hushika vitambaa viwili vikabaki viwili,
siku ya ugomvi nafumua.
Hii huyeyusha: ukingo huingia ukingoni,
na fundi wa kufumua hajazaliwa.
Kwa hiyo nikazima feni, joto lile la Machi,
jasho limenifika kwenye nyusi,
nikachovya brashi ya nywele tatu, nikagusa mara moja tu,
gundi ikakimbia ufani yenyewe
kama maji yajuayo njia ya kwao.
Vibanio vinne vya nguo. Raba mbili.
"Usiguse."
Akagusa.
Dole gumba lake lipo pale hadi leo, chini ya bawa,
mistari yote, kama kwenye kitambulisho.

Mbawa zilikuwa kazi ya macho.
Nikapanga vigurudumu vya nyuzi chini ya kila ncha,
vyekundu huku, vya samawati huku,
Twalib kapiga magoti mbele ya meza, jicho moja kafumba:
"Kushoto juu kidogo. Kidogo. Basi, basi!"
Mkia tukaupimia timazi:
uzi mweusi na kifungo cha koti.

Ndipo ikapita ndege ya saa tisa.
Hizi hushuka juu ya mabati yetu magurudumu nje,
vikombe vikasemezana kabatini.
Miaka yote hiyo sijainua uso.
Siku ile nilitandaza mikono miwili
juu ya kile kidude, kama amfunikaye mtoto na mvua,
meza ikatetema, kifungo kikacheza uzini.

Kilipotulia, mkia ulikuwa umelala kulia,
upana wa sindano,
na gundi ishashika.
Twalib naye karibu kulia.
Nikatafuta la kumwambia, sikulipata.
Nikampa msasa.

Sasa inaning'inia juu ya cherehani kwa uzi uleule.
Wateja huuliza mbona imekaa upande.
"Inakata kona," Twalib huwajibu, "imeuona uwanja."

Kanzu ya watu ilichelewa siku mbili.