Kibodi Moja, Malaba

Ofisi yetu iko juu ya duka la simenti.
Kompyuta mbili, kibodi moja.
Ile ya pili ilimwagiwa chai mwezi wa Machi,
Bwana Omuse akasema, "Tutanunua,"
na neno hilo liko foleni mpaka leo.

Ndipo akaja Khaoya, kijana wa Bungoma,
flashi mfukoni, viatu vina matope,
akaweka programu, hakudai hata soda.
"Sukuma kipanya mpaka ukingoni," akaniambia.
"Usiogope, hakianguki."
Nikasukuma.
Mshale ukafika pembeni mwa skrini, ukasita,
au ni mimi niliyesita,
kisha ukatokea kwenye mashine ya pili, mzima,
haukukaguliwa, haukupigwa muhuri.

Huketi nikitazama kaskazini.
Skrini ya kushoto ni ya mizigo ya Uganda,
ya kulia ni ya Kenya,
kwa hiyo dunia imekaa sawa mezani pangu:
Tororo kushoto, Bungoma kulia,
na katikati, badala ya mto,
ufa wa vidole viwili
unaokusanya vumbi na chembe za mandazi.

Chini ya dirisha malori yamejipanga tangu juzi.
Madereva wanafua mashati, wanayaanika kwenye vioo vya pembeni.
Ssali, mwenye vigae, amebandika sufuria chini ya trela.
Mimi huku juu navuka mpaka mara mia kabla ya saa nne
kwa kifundo cha mkono.
Wakati mwingine naona haya.

Mama yuko ng'ambo.
Si ng'ambo ya bahari. Ya mto tu,
ukipiga kelele asubuhi na mapema huenda akasikia.
Walipochora mstari babu alikuwa machungani;
aliporudi jioni ng'ombe wake walikuwa wageni.

Mama ana presha. Kila saa saba namwandikia,
jirani anamsomea, anameza.

Sasa, ubaya wa kibodi moja ni huu:
vidole havijui viko nchi gani.
Macho yako Kenya, herufi zinadondoka Uganda.
Alhamisi nilimwandikia Mama kama kawaida
huku nikitazama nje, Ssali akigombana na mbuzi,
na mshale, kwa kuguswa na kiwiko,
ulikuwa umeshajivukia zamani.
Nikabonyeza kitufe kikubwa.
Fomu ikaenda hivi:

*Bidhaa: vigae vya sakafu.*
*Idadi: katoni mia tisa.*
*Maelezo ya ziada: umekunywa ile nyeupe? usilale bila kula.*

Saa tisa ikarudi.
Afisa wa upande wa pili, ambaye sijawahi kumwona uso,
hakuandika "kosa".
Aliandika: *Tafadhali thibitisha kama amekunywa.*

Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.
Nikaandika fomu upya, katoni kwa katoni,
nikashuka kumwomba Ssali radhi kwa usiku mwingine barabarani.
Alikuwa ameshapata habari, sijui kwa nani.
Akafunika sufuria. "Na mzee," akauliza, "amekunywa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimemwandikia tena.

Nikavuka mimi mwenyewe.
Kwa miguu, kwa kitambulisho,
nyuma ya mwanamke mwenye kuku wawili
na mwanamume aliyesahau jina la baba yake mbele ya kioo.
Muhuri ukagonga. Bodaboda. Vumbi. Giza likaanza.

Nilimkuta mlangoni, juu ya kigoda,
kikombe cha maji miguuni kimeingia mdudu,
kidonge cheupe kiganjani
kimeanza kuyeyuka kwa jasho.

"Mbona hujanywa, Mama?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi.
"Nilikuwa nangoja uandike."