Safari ya Matondoni

Tulitoka Langoni jua bado halijakaza,
mimi, na Shee wa miaka sita, na Zulfa anayekaribia minne,
kikapuni mikate ya mofa na chupa mbili za maji,
mkononi saa niliyoifufua mwenyewe.
Hesabu nilikwisha piga; fundi saa hulala na hesabu:
mtu mzima, saa mbili za mwendo.
Na watoto? Tuseme tatu.
Shangazi yao Mwanakheri atapakua adhuhuri.

Tukazipita nyumba za mwisho, tukapita kisima,
tukamkuta punda amesimama katikati ya njia
kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.
Shee naye akasimama.
Wakatazamana.
Wakatazamana mpaka nikakohoa,
nikajua hesabu yangu imeingia mchanga.

"Baba, ndoo!"
Zulfa amechutama. Jongoo anavuka,
mweusi, urefu wa kalamu, hana habari na sisi.
"Ngoja apite," akaniamuru, kiganja juu,
kama askari wa magari aliyemwona Mombasa.
Akaanza kuhesabu miguu:
moja, mbili, tatu… kumi, kumi na moja, kumi na mbili,
kisha akarudi moja.
Kosa langu hilo.
Nilimfundisha namba juu ya uso wa saa.

Jongoo akamaliza zamu tano za saa hiyo
ndipo tukaruhusiwa kwenda.

Baadaye mwiba. Baadaye ndaa.
Baadaye kokoto yenye sura ya samaki,
na nyingine isiyo na sura yoyote
ila nayo haikuweza kuachwa peke yake.
Mifuko ya Shee ikawa inamvuta suruali chini,
anaishika kwa mkono mmoja, anatembea upande.

Chini ya mikoma tukala mofa yote.
Akapita kijana na punda wake, shehena ya makuti.
"Matondoni?" nikauliza.
"Hapo tu," akasema, akaashiria kwa kidevu
mahali ambapo sikuona kitu ila mchanga na joto.
Zulfa alikuwa ameshalala, kinywa wazi,
mdudu mdogo anatembea kwenye utepe wake.

Nikampigia Mwanakheri.
"Nimeshapakua!"
"Kula, dada."
Akanyamaza. Halafu nikasikia kifuniko cha sufuria
kikirudishwa kwa nguvu.

Tukageuka.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa,
na waliosema walikuwa barazani wakitutazama tunavyorudi:
mmoja mgongoni, mzito kama aliyeyanywa maji yote ya njia,
mwingine nyuma, suruali mkononi,
ananieleza punda alimwambia nini.
Saa yangu sikuitazama. Jasho lilikuwa limeshaiingia.

Usiku mama yao akauliza, huku akimwaga kokoto
kwenye beseni, moja baada ya moja, mshangao juu ya mshangao:
"Haya, Matondoni mumeona nini?"

"Kuna punda mwenye mawazo," akasema Shee.

"Na jongoo," Zulfa akadakia, macho yanafumba.
"Matondoni ni kwa jongoo. Ana miguu kumi na mbili,
na kumi na mbili, na kumi na mbili…"

Mke wangu akanigeukia.
Mimi nilikuwa nimeifungua saa mezani,
nikipuliza mchanga, punje kwa punje,
na sikumsahihisha mtu.